Nani Aonje Kwanza

Mama mkwe wangu hali chakula ambacho mwenye nyumba hajakionja mbele ya macho yake. Wala si yeye peke yake. Kwetu, kuanzia Ruaruke mpaka visiwa vya delta ya Rufiji, ukimpelekea mgeni maji unapiga funda la kwanza wewe, ndipo unampa kata. Ukimwekea wali, tonge la kwanza ni lako. Mgeni anaona koo lako limeshuka na bado umesimama wima, basi naye anakula kwa amani. Nimekulia humo, na sikuwahi kudhani kuna watu wanaofanya vingine.

Jambo la pili: mkwe wa kiume hali mbele ya mama mkwe wake. Unaweza kumjengea nyumba, unaweza kumbeba mgongoni Rufiji ikifurika, lakini akuone unatafuna? Haiwezekani. Tangu nioe, mama yule hajawahi kuyaona meno yangu yakiwa kazini.

Haya mambo mawili yameishi pamoja kwetu miaka yote bila kugombana. Yalikuja kugongana kwenye meza moja, Port of Spain, mji mkuu wa Trinidad, ng'ambo ya bahari ambayo mimi nilikuwa nimeiona kwenye ramani ya ukutani tu. Na yalipogongana, nusura mama wa watu anifie mikononi.

Tulifikaje huko? Mama mkwe ni mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wanaopanda mikoko. Mikoko aliyoipanda yule mama, ukiipanga mstari, inatoka Nyamisati inafika Misri. Wenzao wa Trinidad, nao wana mikoko yao, wakaalika mtu aende akaeleze kazi inavyofanyika, pamoja na mkalimani mmoja. Kijijini kwetu aliyekuwa na Kiingereza na pasipoti akakosekana, ikabidi atafutwe mwenye Kiingereza halafu apewe pasipoti. Huyo nikawa mimi. Nilikipata Kiingereza changu kwenye madarasa ya jioni pale Kibiti, nikishafunga kibanda changu cha kuchaji simu. Ni Kiingereza cha jioni kwelikweli. Kikiona jua kinajificha.

Uwanja wa ndege Dar es Salaam mke wangu hakulia. Alinishika mkono, akasema, "Mama ana sukari, unajua."

"Najua."

"Akimeza kidonge lazima ale. Asipokula anaanguka."

"Najua, mke wangu."

"Mama yangu anarudi akitembea kwa miguu yake." Akauachia mkono. Ndiyo ilikuwa kwaheri yangu.

Ndani ya ndege wale wasichana wazuri walipita na vitrei vya chakula, mama mkwe akawatazama mmoja mmoja. Hakuna aliyeonja. Akarudisha trei kwa adabu zote. Alikula tende alizotoka nazo nyumbani, zilipokwisha akakubali biskuti, mradi pakiti ifunguliwe mbele yake. Mimi nilikuwa nakwenda kula chooni. Siyasemi haya kwa kujivunia, ila nataka ujue kwamba nimevuka bahari mbili nikitafuna nimesimama, mlango umefungwa, watu wanagonga.

Tulitua asubuhi. Kijana wa waandaaji akatupokea na gari, akasema tutapita mjini kwanza tuuone. Mama alikuwa amemaliza biskuti ya mwisho usiku wa jana yake. Asubuhi ile, gari likitikisika, nilimwona anatoa kidonge kwenye kikoba, anakimeza kwa maji ya chupa aliyoifungua mwenyewe.

"Mama, umemeza?"

"Si saa yake imefika?"

"Na chakula je?"

"Si tunakwenda kwa watu?" akasema. "Watu wana chakula."

Kuanzia hapo sikuuona mji kama anavyouona mtalii. Niliuona kwa jicho moja. Jingine lilikuwa kwenye vidole vyake.

Na mji wenyewe haukunisaidia. Kilichonitisha kwanza ni jinsi ulivyofanana na kwetu. Milima ilikuwa migeni, lakini chini yake nikaona miembe, minazi, migomba, hata mshelisheli umesimama uani kwa mtu kana kwamba umefika jana kutoka Pwani. Jua lilelile, jasho lilelile. Halafu unawatazama watu, nyuso ni za shangazi na wajomba zangu watupu, unafungua mdomo kusalimu, wanakujibu kwa Kiingereza kinachoimba, maneno yanapanda mlima na kushuka, hujashika la kwanza la tano limeshapita. Niliogopa kama mtu aliyeingia nyumbani kwake akakuta ndugu zake wote wamemsahau.

Kando ya barabara palikuwa na mzee wa Kihindi anauza chakula kwenye kijimeza: vimkate viwili laini vya manjano, katikati anamwagia dengu za mchuzi na pilipili, anafunga kwa karatasi, mtu anakula hapohapo ameinama asichafue shati. Kibiti nimekua nikinunua sukari na mafuta ya taa kwa mzee wa Kihindi ambaye Kiswahili chake kinanishinda mimi. Basi nikamkimbilia huyu kwa furaha: "Shikamoo mzee! Hivi vinaliwaje?" Akanitazama. Akatazama nyuma yake, labda naongea na mtu mwingine. Nikarudi garini moyo umeshuka mpaka kwenye soksi.

"Ameonja?" mama akauliza dirishani.

"Hapana, mama. Anauza tu."

"Basi."

Vidole bado vilikuwa sawa.

Mtaa wa pili gari likasimama, maana njia imezibwa. Nikasikia kelele ya madebe, mia, elfu, yanapigwa kwa fujo. Halafu wakatokea. Watu wa buluu! Buluu kuanzia nywele mpaka kucha, wana pembe na mabawa, midomo inachuruzika wekundu, mmoja anatema moto kabisa, moto wa kuunguza mti. Wakalizunguka gari. Mmoja akaubandika uso wake wa buluu kwenye kioo changu, akatoa ulimi. Utoto wangu wote nilitishwa na mumiani, wale wanyonya damu wa kwenye hadithi za bibi, nikaacha kuamini nilipopata cheti cha kidato cha nne. Sekunde ile cheti kilifutika. Nilitamka shahada, nikatamka na nyingine kwa akiba.

Kijana dereva anacheka, anasema ni mazoezi ya sherehe yao ya kila mwaka, wanacheza mashetani, hawana neno. Nikamgeukia mama nimtafsirie. Alikuwa anawatazama kwa utulivu, kama anavyotazama ngoma ya harusini.

"Yule wa kushoto," akasema, "rangi haijamfika kwapani."

Ila alisema taratibu mno. Na alipoinua kidole kunionyesha, kidole kilikuwa kinatetemeka.

Nikamwambia dereva, kijana wangu, nyumbani. Nyumbani sasa hivi.

Waandaaji walikuwa wametutafutia nyumba ya Waislamu, na hilo liliniondolea hofu moja kubwa. Mwenyeji alikuwa mama mjane, mnene, mchangamfu, kitambaa cha maua kichwani. Alimkumbatia mama mkwe mpaka wote wawili wakayumba. Kisha akanigeukia mimi, akaniita mpenzi. Nasema mpenzi! Mbele ya mama mzaa mke wangu!

"Anasemaje?" mama akauliza.

"Ananiita mwanangu, mama."

Baadaye nilimsikia akimwita dereva mpenzi, na muuza mkate mpenzi, na paka pia, nikapumua.

Meza ilikuwa tayari. Nitakueleza iliyokuwa juu yake, maana niliitazama muda mrefu kuliko nilivyopata kuitazama meza yoyote. Palikuwa na wali. Palikuwa na samaki wa mchuzi mzito wa kahawia, ndizi mbivu za kukaanga, na makaroni yaliyookwa na jibini yakakatwa vipande kama matofali. Na bakuli la mboga ya kijani: majani ya magimbi na bamia, vimepikwa kwa tui la nazi mpaka vikalainika vikawa kitu kimoja. Lile tui nililijua kwa pua kabla ya macho. Macho yalinijaa maji. Chakula cha nyumbani kimekuja kutupokea!

Mwenyeji akampakulia mama sahani nzima. Akaiweka mbele yake. Kisha akasimama kando, mikono kiunoni, anatabasamu, anasubiri.

Mama naye akaikunja mikono mapajani, anatabasamu, anasubiri.

Nikamwambia mwenyeji kwa Kiingereza changu, karibu nawe ukae, ule pamoja nasi. Akasema, hapana mpenzi, katika nyumba hii mgeni anakula kwanza, mimi sigusi tonge mpaka niwaone mmeshiba. Mama yangu alinilea hivyo.

Hapo ndipo niliposikia baridi mgongoni, katika joto lile. Mmoja hali mpaka mwenyeji aonje. Mwingine haonji mpaka mgeni ale. Na kila mmoja yuko sahihi kwa mama yake. Wangeweza kukaa pale mpaka kiama.

"Mama," nikanong'ona, "hawa mila yao ni nyingine. Hawaonji."

"Uislamu wake sina shaka nao," akanong'ona. "Mkono wake ndio siujui."

"Mama, umemeza kidonge."

"Najua nilichomeza."

"Basi nionje mimi."

Aligeuza kichwa polepole, akanitazama kana kwamba nimesema navua nguo. "Wewe? Mbele yangu? Bora nife, mkwe."

Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo, matone madogomadogo. Jasho la joto si hilo. Mikono aliyoikunja mapajani ilikuwa inacheza peke yake.

"Soda basi, mama. Nikuombee soda, inakuja na kizibo."

"Daktari amekataza soda." Ulimi ulikuwa mzito. "Mwambie… mwambie nani yule… avute mashua."

Hakuna mashua pale. Tulikuwa tumekaa sebuleni kwa watu.

Tabasamu la mwenyeji lilikuwa limeanza kukauka. Akauliza, chakula changu kina nini? Hakipendi? Kinanuka? Akauliza tena, kwa sauti iliyopanda. Nami nimekaa katikati yao, nikimwona mke wangu uwanja wa ndege, na jeneza linashuka kutoka kwenye ndege, na mimi nyuma yake nina cheti cha madarasa ya jioni.

Nikasimama. Kiingereza chote kikanikimbia, yakabaki maneno machache, nikayatoa kama yalivyo. Nikamwambia: mama hawezi kula. Anaumwa sukari. Ni lazima ale sasa. Lakini lazima ule wewe kwanza, kwenye sahani yake, tuone kama hakuna sumu.

Nilisema sumu. Kwenye nyumba ya mjane aliyeamka alfajiri kutupikia.

Nje madebe yalikuwa bado yanalia, kwa mbali. Uso wa yule mama ulibadilika mara tatu, na hakuna hata sura moja kati ya hizo ningependa kuiona tena. Nikadhani atatutupa nje na sahani zetu. Akasogea. Akakichukua kijiko cha mama mkwe kutoka mezani, akachota mboga, akaitia kinywani huku amenikazia macho mimi. Akatafuna. Akameza. Akachota wali, akameza. Akamega samaki, akamega ndizi, akakata kona ya lile tofali la makaroni. Alipomaliza akafungua mdomo wote, akatoa ulimi, kama mwanangu ninapomkagua akinywa dawa ya malaria. Kisha akakigeuza kijiko, akakiweka kwenye kiganja cha mama, akavifumba vile vidole vinavyotetemeka juu yake kwa mkono wake mwenyewe.

"Bismillah," mama akasema.

Akala. Tonge la kwanza nusu lilimwagika mezani, mwenyeji akamshikia mkono. La pili lilifika. Alipofika kwenye ndizi jasho lilikuwa limeanza kukauka, na macho yamerudi mahali pake. Mwenyeji akavuta kiti akakaa karibu yake, sasa uso ni mwingine kabisa, akanigeukia kwa ukali: mbona hukusema sukari tangu mlangoni? Mama yangu alikufa kwa hiyo sukari! Unaleta mgonjwa unanisimulia habari za sumu?

Kisha akagonga sahani yangu kwa kijiko. Na wewe, mpenzi, kula.

Nikamweleza kwamba mimi siwezi. Akauliza, na wewe aonje nani? Nikasema si hivyo, ni mama mkwe huyu, siwezi kula anaponiona. Akaangalia dari, labda akimuuliza Mungu ni watu wa namna gani amemletea. Akanipakulia, akanisukumia jikoni na sahani yangu, akafunga mlango.

Nilikula nimesimama, mgongo kwa mlango. Kwenye dirisha la jikoni palikuwa na chupa ya kitu cha manjano, nikadhani achari tamu ya embe, nikamimina ya kutosha kuzima hofu ya siku nzima. Ilikuwa pilipili. Pilipili mbuzi tupu, iliyosagwa na haradali na chuki. Nilitaka kupiga yowe la kusikika mpaka Mkongo, kule kwetu Rufiji, lakini mama mkwe yuko upande wa pili wa ubao ule, na mkwe anayekula hana sauti. Nikauma kitambaa cha vyombo, machozi yanatiririka mpaka kifuani.

"Mkwe!" Ilikuwa sauti yake kutoka mezani, nzima, kavu, ile sauti inayowapanga akina mama ishirini kwenye tope.

"Naam, mama," nikajibu kwa kilichobaki cha ulimi wangu.

"Unafanya nini huko?"

"Naosha vyombo, mama."

"Mwambie mwenzangu aniongezee samaki. Chakula kizuri." Nikasikia kijiko kikigonga sahani. "Na aonje tena. Hicho ni kipande kingine."

Nikafuta uso, nikashika kitasa, nikatoka kwenda kutafsiri.