Nilivyoziba Pua Kaburini Kule Mboko

Nyinyi mnaonijua mnajua kwamba mimi na aibu tumelelewa nyumba moja. Nimewahi kupasukiwa na suruali jukwaani Fizi-Centre mbele ya wakubwa wa ofisi zote, nimewahi kusahau wimbo wangu mwenyewe kule Lubondja mpaka mama mmoja aliyebeba mihogo akanikumbusha ubeti wa pili, na hayo yote nimeyasimulia mwenyewe na kuyacheka mwenyewe. Lakini hili la Mboko nimekaa nalo mwaka mzima, kwa sababu kila nikianza kulisema nasikia baridi mgongoni, na mpaka leo nikioga sifumbi macho hata sabuni iniingie vipi. Basi niacheni leo nilitoe, na pa kucheka mcheke.

Chanzo ni wimbo. Kulikuwa na mvuvi wa Mboko, jina lake Wilondja, aliingia ziwani jioni moja na mtumbwi wake na taa yake, na asubuhi mtumbwi ukarudi ufukweni peke yake, taa imo, yeye hayumo. Walimtafuta siku nyingi wasipate hata shati. Sasa mnaijua midomo ya watu wetu, wakaanza kusema huyo hajafa, amevuka ng'ambo, yuko Tanzania kwa mwanamke anayeuza mihogo ya kukaanga, anakula na kunenepa. Mimi Wilondja sikuwahi kumwona wala kumsikia hata siku moja (likumbukeni hilo, litarudi), lakini niliposikia maneno hayo nikasema hapa kuna wimbo.

Tukaingia studio pale Baraka, chumba chenye magodoro ukutani, mimi na Etabo mpiga besi wangu. Wimbo wenyewe ni hivi: ninaita kwa huzuni ya uongo, "Wilondja eee!", gitaa linanyamaza kidogo, halafu sauti inajibu kutoka mbali, "Niko huku, ninakula!" Hiyo sauti ya kujibu niliifanya mwenyewe, nimeziba pua kwa vidole viwili, na wala sijui kwa nini niliziba pua, ilinijia tu. Etabo alicheka mpaka akakaa chini. Baada ya wiki mbili wimbo ulikuwa kwenye kila pikipiki ya barabara ya Uvira, watu wananiita Papa Solo hata walioniita Solo tu zamani, na mimi kwa kujipenda kwangu nikachukua kile kipande cha kujibu nikakifanya mlio wa simu yangu.

Ndipo lawama zilipoanza. Kwanza bamama wa soko, halafu wanakwaya, halafu hata wavuvi wenyewe, kila siku ujumbe wa sauti kwenye WhatsApp: Papa Solo, umepotoka, Papa Solo, yule mtu ana watoto. Mmoja ulitoka kwa mke wa Wilondja mwenyewe, Mama Riziki, sauti ya chini, haina hata hasira.

"Papa Solo, mi njo bibi ya Wilondja. Batoto banasikia jina ya baba yao ku pikipiki, ku boutique, ku masomo. Kila siku unamuita. Tafazali, achaka kumuita."

Ningesema "Nisamehe, mama," mambo yangeishia pale. Neno moja tu. Lakini nilikuwa nimekaa na watu, wananitazama nitajibu nini, na msanii akitazamwa akili inahamia kwenye koo, basi nikabonyeza nikasema: "Wimbo ni wimbo. Kama kuna mtu ameumia, pole yake." Na mwisho nikacheka, kacheko kadogo tu. Kale kacheko kalisafiri kuliko wimbo.

Jumamosi iliyofuata tulipiga Baraka, mchana, ukumbi umejaa. Nikafurahi nikijua lawama zimeleta watu. Tulipofika kwenye ule wimbo nikaita, "Wilondja eee!", nikaelekeza kipaza sauti kwa watu wajibu kama kawaida yao. Hakuna aliyejibu. Hawakuzomea, hawakuondoka, walikaa tu wakinitazama, watu wote wale, mpaka nikasikia nyaya za spika zinavyonguruma. Nikaita tena. Mama mmoja wa mbele akageuka polepole akatazama mlangoni, upande wa ziwa, na wenzake wote wakageuka wakatazama huko huko. Mimi nami nikatazama. Mlango ulikuwa wazi na hapakuwa na mtu.

"Solo," Etabo akaniambia tulipokuwa tukikunja nyaya, "enda Mboko ukaombe ule mama pardon. Na usiende na kacheko yako."

Nilikwenda, lakini sikwenda kama alivyosema. Nilivaa shati la jukwaani, nikabeba gitaa, nikiwaza nitaomba msamaha kidogo, nitaimbia watoto kidogo, mtu atatupiga picha nimewashika mabega, nitazituma, na jina langu litasafishika kabla ya Jumapili. Huo ndio ulikuwa msamaha wangu, una miwani ya jua.

Tulipokaribia Mboko dereva wa pikipiki akapunguza mwendo bila kuambiwa. Meza za kando ya barabara zilikuwa tupu, hakuna samaki, hakuna hata ndizi, mitumbwi yote imevutwa nchi kavu, na ilikuwa saa sita za mchana. Ziwa halina wimbi. Dereva alinishusha mbali na nyumba, akasema yeye hafiki pale, akageuza.

Watu walikuwa nyuma ya nyumba ya Mama Riziki, kijiji kizima, wamesimama kuzunguka shimo. Kando ya shimo, juu ya mkeka, kulikuwa na kitu kirefu kimefungwa kwa shuka la maua, na kifuani (nasema kifuani kwa sababu ndivyo kilivyoonekana) pamekunjwa shati la mwanamume. Maji yalikuwa yakichuruzika kutoka kwenye shuka, tone, tone. Nilijua ni shina la mgomba. Sote tunajua kwamba aliyepotea majini asipatikane huzikwa mgomba badala yake ili apate kulala na watu wake wapate kulia. Nilijua, na bado nilisimama mbali.

Mzee Asukulu, baba mdogo wa Wilondja, alinifuata, akanivua gitaa begani taratibu kama mtu anayempokea mgeni mzigo, akalilaza kwenye majani.

"Umekuya muzuri," akasema. "Tulikuwa tunakungojea."

"Lakini baba, mi sikusema kama nitakuya."

Hilo aliliruka. Akanieleza jambo ambalo sikuwa nimelijua. Miezi yote ile mazishi yalikuwa yamekwama kwa sababu ya wimbo wangu. Mlondani, kaka mkubwa wa Wilondja, alikataa mdogo wake azikwe, akisema hata musiki inajua kwamba yuko hai. Basi Mama Riziki hakuwa mke wala mjane. Hakuruhusiwa kulia, hakuruhusiwa kunyoa nywele, wanawake walimwita aliyekimbiwa, na watoto wake shuleni walikuwa wakiitiwa, "Niko huku, ninakula!" Siku ile Mlondani alikuwa amekubali, kwa shingo upande, na kwa sharti moja: desturi ifuatwe yote, marehemu aitwe mara tatu juu ya shimo, na asipojibu ndipo azikwe.

"Anaitwaka na muntu mwenye alimuita sana," Mzee Asukulu akasema. "Na huyo ni we. Ulimuita na gitare. Leo umuite bila gitare."

Nikasogea. Mama Riziki alikuwa upande wa pili wa shimo, mwembamba, na watoto watatu wameshika kitenge chake. Nilitaka kumwambia nisamehe, lakini Mzee Asukulu akanionyesha shimo kwa kidole.

"Wilondja eee!" Sauti yangu ilitoka nyembamba, bila spika, ikaenda mpaka ziwani. Kimya.

"Wilondja eee!" Kimya.  Nikaanza kupumua, nikainama kidogo juu ya shimo niite ya mwisho.

"Wilondja eee!"

"NIKO HUKU, NINAKULA!"

Ilitoka mfukoni mwangu. Mimi mwenyewe niliijua, ni simu yangu, lakini nawaambia kweli, kwa nusu dakika nami niliamini ni yeye. Wanaume waliokuwa wameliinua shina tayari kulishusha waliliachia, likaanguka ubavu likatoa sauti ya kitu chenye maji, wanawake wakakimbilia mihogoni, katekista mmoja aliyekuwa amesimama mbali akaonekana ghafla mbali zaidi, na Mlondani akaruka juu: "Amejibu! Mi niliwaambia! Ndugu yangu amejibu, bafukie ile shimo!"

Na mimi nikafanya jambo baya kuliko wimbo. Nilitia mkono mfukoni nikaizima simu kwa kidole, kimyakimya, na walipouliza nani amesikia, nikasema: "Hata mi nimesikia."

Mzee Asukulu tayari alikuwa anaokota jembe arudishe udongo. Mama Riziki hakukimbia. Alinitazama mimi, akatazama mfuko wangu, akanitazama tena.

"Papa Solo," akasema, "ile sauti ni ya nani?"

Nikaona watoto wake wananitazama pia, na yule mdogo ameanza kutabasamu. Alidhani baba yake amerudi. Hapo ndipo nilipovunjika.

"Ni ya mi," nikasema. "Ni simu. Ni mi njo niliifanya mu studio. Wilondja hajajibu, mama. Hajajibu hata siku moja."

"Uongo!" Mlondani akapiga kelele. "Ndugu yangu alikuwa anasemea mu pua vile vile! Alivunjikaka pua akiwa mutoto. Hii ni sauti yake!"

Hapo nywele zikanisimama, kwa sababu, kama nilivyowaambia, mtu yule sikuwahi kumsikia. Lakini sikuwa na nafasi ya kuogopa vizuri. Mzee Asukulu akasema: "Kama ni ya we, uifanye hapa tusikie."

Basi mimi, Papa Solo, kwa shati langu la kumetameta, juu ya kaburi, mchana kweupe, nikaziba pua kwa vidole viwili na kusema, "Niko huku, ninakula." Wakasema haikusikika vizuri. Nikarudia. Waliokimbia wakarudi kutoka mihogoni kuja kutazama. Mlondani akadai mara ya tatu, akanisogelea akanitazama mdomoni kabisa, na nilipomaliza uso wake ukalegea, akakaa chini akalia kama mtoto, na kilio chake ndicho kilichofungua vya wengine. Hakuna aliyecheka. Laiti wangecheka. Kisha wakaliinua shina, na Mzee Asukulu akanipa upande wa miguu nibebe, likawa baridi na zito, zito kuliko mgomba wowote niliowahi kubeba, tukalishusha.

Niliomba msamaha baadaye, nimepiga magoti, bila mpiga picha. Mama Riziki alikuwa amenyolewa, ana kitambaa kichwani.

"Sasa niko mujane," akasema. "Aksanti. Ukisikia muntu anaimba ile wimbo, umwambie: alishalala."

Njiani niliitoa simu nione ni mbwa gani aliyenipigia wakati ule. Hapakuwa na aliyepiga. Na rezo, huo mtandao wa simu, nyuma ya ile nyumba haifiki. Labda niliibonyeza nilipoinama, ndivyo ninavyowaambia watu. Etabo alitaka kujua nilijuaje kwamba Wilondja alisemea puani, nikamwambia sikujua, tukaacha hapo.

Wimbo nimeufuta, ingawa simu za watu siwezi kuzifuta. Nimeapa: siimbi jina la mtu kabla sijafika kwake kubisha hodi, na anayenilaumu namjibu "nisamehe" kwanza, mengine baadaye. Juzi kwenye harusi hapa Baraka kijana mmoja akapiga kelele nyuma, "Papa Solo, tupigie Wilondja!" Nikaweka gitaa chini, nikasema kwenye kipaza sauti, "Alishalala." Halafu nikasikiliza, na mkono wangu ulikuwa juu ya mfuko wenye simu.