Sweta za Kafa Ulaya

Nyinyi mliokulia Mbeya enzi za Mwingereza mnaijua baridi ninayoisema. Si hii ya siku hizi, ambayo kijana akipigwa na upepo kidogo anatangaza kwenye simu kwamba anakufa. Nasema ile ya mwezi wa Juni, asubuhi majani yameganda meupe, unakwenda shule miguu mitupu na vidole huvisikii tena.

Sisi tulitoka Unguja. Baba alikuja kuuza kanga katika duka la kaka yake, na Mama akatufuata na watoto wawili, mimi na mdogo wangu Khamisi, tukiwa na magauni na vikaptula vya pwani vyepesi kama karatasi ya kufungia halua. Kwa Mama, Mbeya ilikuwa nchi ya kigeni kabisa. Hakuna samaki mbichi, hakuna nazi, na majirani wakisemezana Kinyakyusa yeye anatabasamu tu kama bubu.

Watu wa pwani tulikuwa wachache pale mjini, na malkia wetu alikuwa Bi Zuwena, mke wa tajiri mmoja mwenye maduka mawili. Mwanamke yule alijua kuringa! Alivaa hariri kwenye tope. Akikaa barazani kwake anakukagua kuanzia kichwani mpaka kwenye ukucha, kisha anageuza uso kana kwamba ameona panya.

Sokoni alikuwapo Mnyasa mmoja aliyetandaza turubai na kumwaga juu yake nguo kuukuu za Wazungu. Tuliziita kafa Ulaya, maana ilisemekana wenyewe wamekufa huko na nguo zimevuliwa maiti. Wanyakyusa, Wasafwa na Wasangu walinunua makoti yao na kuota joto. Watu wa pwani tulitetemeka kwa heshima.

"Mstaarabu havai nguo ya maiti," Bi Zuwena alisema, na Baba, masikini, akalibeba neno hilo mpaka nyumbani kama vile limeshuka mbinguni.

Mwaka wetu wa kwanza, Khamisi alishikwa na kichomi. Kifua kikawa kinakoroma, mbavu zinaingia na kutoka, midomo imebadilika rangi. Mama alimfunika kanga zote alizokuwa nazo. Jirani yetu Mama Atupele, Mnyakyusa wa kanisa la Kilutheri, alikuja na uji, akamgusa mtoto, akasema, "Mama Rukia, mtoto huyu anataka sufu. Kanga hazina joto, hata ukimfunika kumi."

Mama akamwomba Baba pesa ya kwenda kwa Mnyasa. Baba akakataa. Watu watasema nini? Bi Zuwena atasema nini?

Mama hakupandisha sauti. "Sawa, baba Rukia. Usimnunulie nguo ya maiti. Kamnunulie sanda, hiyo ni mpya."

Baba akatoka. Aliporudi tumbo lilikuwa limevimba chini ya kanzu. Alikuwa ameficha sweta mbili za kiume, kubwa, moja ya kijani kama ya askari na nyingine nyekundu, na alipita uchochoroni ili asionekane. Mwanamume mzima, anajificha kama mwizi kwa sababu ya mwanamke mmoja wa barazani!

Mama alizichemsha, akazianika, na ile ya kijani akamvika Khamisi ikamfika kwenye vifundo vya miguu. Kile kifua kililegea polepole. Khamisi alipoanza kuomba chakula, Mama alikaa kwenye kizingiti akalia kwa mara ya kwanza tangu tufike.

Ile nyekundu ndiyo iliyomfunza Mama kufuma. Mama Atupele alikuwa amejifunza misheni. Aliinoa spoku ya baiskeli juu ya jiwe, akaikata sindano mbili, akamwonyesha Mama jinsi ya kuifumua sweta na kuuzungusha uzi kwenye miguu ya kiti. Mikono ya Mama iliyozoea kushona kofia haikuhangaika sana. Tulipata sweta, soksi na kofia za masikio, na yeye akajifumia shali zito la milia kutokana na kuukuu za rangi yoyote aliyoipata. Bi Zuwena aliliona akaziba pua.

Kisha ikaja harusi Iringa. Tulipanda lori watu wa pwani wote, Bi Zuwena naye na hariri yake, akiwa amekaa mbele kwa dereva. Igawa, kule bondeni, tulikuwa tunatoka jasho. Tulipofika Nyololo, juu milimani, gari likaharibika, ikabidi tushuke wote barabarani. Ukungu ulikuwa umeshuka na upepo unakata. Bi Zuwena alijikaza kwa muda, halafu meno yakaanza kugongana hata sisi watoto tukayasikia.

"Mama Rukia," akaita, kwa sauti ambayo hatukuwahi kuisikia kwake, "hilo shali lako..."

"Hili la maiti, bibie."

"Wewe lilete tu!"

Mama akampa, akabaki na sweta yake. Tulifika Iringa jioni, na Bi Zuwena akaingia nalo kwa wenye harusi. Wanawake wakalishikashika, wakalisifu, wakauliza limetoka wapi. Bila hata haya akajibu, "Nimeliagiza Ulaya."

Mama alikuwa anamenya vitunguu. "Ni kweli kabisa," akasema. "Limetoka Ulaya, na mwenyewe kafia huko huko."

Wale wanawake walicheka mpaka mmoja akaangusha sinia. Kufikia kuondoka kwetu Mama alikuwa na maagizo ya watu wengi wa Iringa. Msimu wa baridi uliofuata Bi Zuwena alimtuma mtumishi wake mlango wa uani, akitaka sweta ya mumewe. Mama akamrudisha: "Mwambie aje mwenyewe, apite mbele." Alikuja. Tangu siku hiyo salamu aliianza yeye.

Sasa watazame hawa wa leo. Mjukuu wangu anazunguka mitumbani kutwa nzima kutafuta kuukuu, anaziita "vinteji", na iliyotoboka anailipia zaidi. Ikifumuka uzi mmoja anaitupa. Juzi akaja na marafiki zake, wakaniomba, bibi tufundishe kufuma, watu wanapenda sana mambo ya zamani. Nikafurahi, mjinga mimi. Nikaanza mstari wa kwanza, wakanielekezea simu. Nikaumaliza, wakasema nirudie, mwanga haukuwa mzuri. Kila nilipompa mmoja sindano, alimpa mwenzake. Walipoondoka walinibusu, wakanishukuru kwa somo, na sindano zikabaki mapajani mwangu.