Nilipouza Udi kwa Bei Moja

Chuo changu cha biashara kilikuwa uani, nyuma ya duka la Mhindi mmoja hapa Malindi, miaka michache kabla ya vita vya Wajerumani. Mwalimu alikuwa mke wa mwenye duka, mama mnene mwenye kipini puani, ambaye sote tulimwita Bai. Ada yetu tulilipa kwa mikono: tukisoma huku tukimchagulia mchele. Mji mzima ulimsifu mumewe kwa mchele usio na mawe, na hakuna aliyejua kwamba mawe yale yalitolewa na wasomi wa uani.

Tulikuwa wanafunzi watatu, wanawake watupu. Mmoja alipika mahamri. Wa pili alikuwa Mgiriama wa upande wa Dabaso, aliyekuja mjini na matenga ya kuku na ulimi mkali kuliko wangu, jambo ambalo sikulizoea. Mimi nilipika udi, ule wa sukari na marashi, wa kufukizia nguo na nyumba.

Kila siku baada ya adhuhuri somo lilianza kwa habari. Bai hakumruhusu mtu kukaa kabla hajatoa habari ya mtaani kwake: nani kapata mgeni, nani anajenga, nani kajifungua. "Usipojua nani anaoza binti, utamuuzia nani?" alikuwa akisema. Siku moja muuza mahamri alieleza, kama mzaha tu, kwamba nyumba fulani imenunua leso korija nzima. Bai aliinua mkono kutoka kwenye ungo. "Leso ishirini hazivaliwi na mtu mmoja. Hapo pana harusi." Nilikwenda nyumbani nikabandika sufuria ya udi jikoni, na posa yenyewe ilitangazwa siku tatu baadaye. Tangu siku hiyo nilimwamini Bai kwa kila kitu, na hapo ndipo nilipokosea.

Nilikuwa na haraka ya kujua biashara. Nilikuwa nimeachwa na mume, nimemaliza eda, nimerudi nyumbani kwa marehemu mama yetu, anapoishi kaka yangu na mkewe. Kaka hakuwa mtu mbaya, ila alipenda mambo yawe yamekwisha. Mzee mmoja muuza tumbaku sokoni, mjane mara mbili, alikuwa ameniposa. Kaka aliniambia, "Dada, mpaka mwezi wa Ramadhani. Ukijiweza, kaa. Usipojiweza, nitaitikia." Mimi ndoa ya kwanza ilikuwa imenitosha. Nilitaka chumba changu, sufuria yangu, na mlango ninaoufunga mwenyewe.

Mzee huyo alisifika kwa jambo moja, kupatana bei. Wengine hupenda bao, wengine hupenda taarabu, yeye alipenda kupunguziwa. Ilisemwa kwamba alimbishia hata kinyozi, akitaka alipe nusu kwa sababu nywele zilizobaki ni nusu.

Basi mdogo wa mume wa Bai akaja kutoka Bombay, na masanduku matatu na fikira moja mpya. Alisema huko maduka makubwa yameacha kupatana. Bei ni moja, kwa watu wote, mtu hutoa au huenda zake. Bai alituletea fikira hiyo ingali moto. "Nyinyi mteja mmoja anawala alasiri nzima," alisema. "Kwa bei moja, mtauza kwa watu kumi."

Muuza mahamri hakujali, maana mahamri hayana muda wa kubishaniwa, hupoa. Mgiriama alicheka mpaka mchele ukamwagika. "Mino siwezi, Bai. Mtu akinunua kuku wangu bila kumsema kwamba amekonda, nitajuaje kama amempenda?"

Mimi nilijiona nimeelimika kuliko yeye. Kesho yake nilianza.

Mteja wa kwanza alikuwa mama wa bibi harusi, yule yule wa leso ishirini. Alikuwa shoga wa mama yangu, na ndiye aliyenipaka mafuta nilipozaliwa. Nilimwamkia, nikambusu mkono, nikamkaribisha tambuu. Akanusa udi, akasema haunuki, ishara kwamba ameupenda.

"Bei gani, mwanangu?"

Nikamtajia.

"Haya. Hiyo ni ya watu. Sasa nambie yangu."

"Ni hiyo hiyo, mama. Siku hizi bei ni moja, kwa watu wote."

"Watu wote?"

"Wote."

"Na yule Mzungu wa bomani, akija?"

"Na yeye ni hiyo hiyo."

Aliufunga uso wake kama mtu anavyofunga dirisha. "Basi mimi na Mzungu wa bomani kwako tu sawa." Akainuka, akajitanda buibui lake, akaenda zake. Tambuu aliiacha pale pale, haikuguswa.

Jambo hili nilikuwa nikilijua tangu utotoni, ila Bombay ilikuwa imeniziba masikio. Kwetu bei ya kwanza si bei, ni hodi. Kupunguza ndiko kumwambia mtu kwamba unamjua. Mgeni wa melini humpunguzia kidogo kwa adabu, jirani zaidi, na aliyekupaka mafuta ulipozaliwa unampunguzia mpaka uone haya. Kukataa kumpunguzia mtu ni kumwambia hamna udugu. Nami nilikuwa nimemwambia hivyo mwanamke aliyemwosha mama yangu alipokufa.

Tangu hapo hakupiga mtu hodi. Siku ya pili nilikwenda chuoni, na habari ya kwanza ya mji ilikuwa mimi. Muuza mahamri aliitoa huku akinitazama kwa huruma. Mgiriama hakuwa na huruma hata kidogo. "Wakwambia wewe ni Mzungu sasa," alisema. "Hata kuku wangu wamesikia."

Bai alitoa jiwe kwenye mchele, akalitupa uani. Kisha akasema, "Labda huko Bombay hawajuani." Akaongeza, "Nenda kwake. Mpe habari zote, na mwache akupige kwa bei mpaka aridhike."

Nilikwenda asubuhi iliyofuata na sinia zima la udi kichwani. Mama yule alinikalisha ukumbini kama mgeni, na hilo liliniuma kuliko tusi. Nikataja bei ya juu, ya kipuuzi kabisa. Akashika kifua. Akasema udi wenyewe ni makaa yaliyopakwa sukari. Nikasema hata makaa yana mwenyewe. Akasema mama yangu angelia. Nikasema mama ndiye aliyenifundisha. Tukapanda, tukashuka, mpaka adhuhuri, na mwishowe alinipunguza mpaka nikatokwa machozi, si ya hasara. Naye alilia. Akachukua sinia lote, na kabla ya jua kuchwa wateja walikuwa wamerudi mlangoni kwetu, kila mmoja na hamu ya kunitukania udi.

Siku chache baadaye nilimwonyesha kaka masinia yaliyobaki matupu. Ramadhani ilikuwa imebakia siku tisa.

"Umejiweza," alisema, na nikaona amefurahi kweli. Kisha akakuna kichwa. "Lakini yule mzee nimekwisha kumtia tamaa. Anakuja alasiri hii kununua udi, apate kukusikia. Mimi siwezi kumrudisha mtu mzima mlangoni. Nawe usimvunjie heshima."

Nikaona dunia imenigeukia. Kaka hawezi kusema hapana, nami mwanamke nyuma ya pazia siwezi kuisema mbele ya mwanamume aliyenizidi miaka thelathini. Nani basi ataisema?

Alikuja kanzu imepigwa pasi, akaketi katika daka la nje. Nilikaa ndani, pazia katikati.

"Shikamoo, bwana."

"Marahaba, bibi. Nasikia una udi mzuri."

Nikamtajia bei. Nilimsikia akivuta pumzi, kama mtu anayekaribia kula chakula anachokipenda. Akaanza. Alisema udi wa Lamu ni bora. Alisema yeye ni mtu wa peke yake, nguo zake ni chache. Aliinuka, akaenda hatua tatu, akarudi. Alisimulia baba yake na babu yangu walivyofahamiana. Alikuwa fundi kweli, na siku nyingine ningefurahi kushindana naye mpaka magharibi. Ulimi wangu uliniwasha. Lakini ningeshusha hata pesa moja, angesikia kwamba nimemwita wa nyumbani.

"Bei ni hiyo, bwana," nilisema. "Ni moja, kwa watu wote."

Habari ya mama wa bibi harusi alikuwa ameisikia, nani hakuisikia? Alijua pia kwamba baadaye nilimshushia mama yule mpaka nikalia.

"Hata kidogo, bibi?"

"Hata kidogo."

Nilisikia mkono wake ukiingia mfukoni, ukitafuta. Akaweka pesa kizingitini moja moja, polepole, na baada ya kila moja alingoja kidogo, kama mtu anayempa mwenzake nafasi ya kusema. Nilijiuma mdomo. Zilipotimia alisema, "Nisalimie kakako," akauchukua udi wake, na nikasikia viatu vyake vikishuka ngazi.

Nimeuza udi zaidi ya miaka arobaini tangu siku ile. Hakuna mwingine aliyenilipa nilichotaja.