Mwanamke Aliyekataa Kufumba Macho

Zamani mtu akitaka kuogopa alinunua gazeti, akaketi, akasoma mpaka mwisho, kisha akasubiri mwezi mzima kujua kilichokuwa nyuma ya mlango. Siku hizi anaogopeshwa bure na simu yake kabla hajanawa uso, na chai ikiiva ameshasahau.

Sisemi hivi kwa sababu ya uzee tu. Kwa miaka ishirini na sita nilifanya kazi ya kupanga herufi kwenye kiwanda cha uchapaji. Herufi za madini ya risasi, moja moja, kwa vidole, zimegeuka kama unavyojiona kwenye kioo. Shule niliiacha darasa la nne. Nilichokijua baadaye nilikijua kwa kupanga sentensi za watu wengine, na ndiyo maana sentensi mbovu naitambua kwa kuigusa. Leo mtu anapapasa kioo kwa kidole gumba, na upuuzi wake unazunguka dunia kabla yeye mwenyewe hajaufikiria mara ya pili. Lakini nimekaa niandike habari za Taa, si za hao.

Taa alikuwa mkunjaji. Karatasi zikitoka mashineni, yeye alizikunja, akazipanga na kuzibana pini. Alikuwa mwanamke mfupi, mwepesi wa mikono, na mdomo mwepesi zaidi. Jina hilo alilipata kwenye hadithi yetu ya picha iliyotoka kila mwezi, ikiitwa Nyumba Isiyolala. Ilikuwa picha tupu na maneno machache chini yake. Binti wa Taa huingia na taa ya mafuta katika nyumba ambayo hakuna aliyewahi kuingia akatoka, na yeye hutoka. Bosi alimchagua kwa sababu moja kubwa: siku mpiga picha alipokuja na kuuliza nani atashika taa, yeye ndiye aliyekuwa amesimama karibu nayo.

Alikuwa na kasoro moja tu kama shujaa wa hadithi za kutisha. Alikuwa haogopi kitu.

Mzimu wetu alikuwa mtu wa mashine, mrefu kama nguzo, tukimpaka unga usoni. Anatokea gizani mikono mbele, na Taa anamwangalia juu mpaka chini. "Shemeji, unga umekuishia kidevuni." Mkanda wa kwanza ulikuwa na picha thelathini na sita, na zote thelathini na sita zilitoka na mwanamke anayemcheka mzimu. Bosi alitaka kulia.

Tulipoanza mkanda wa pili, kuku wa mlinzi akaingia kutoka uani, mle ghalani tulimopigia picha, akaruka juu ya marobota ya karatasi, akamtazama Taa kwa jicho moja. Sauti iliyomtoka yule mwanamke sijaisikia tena ila mara moja tu, na hiyo nitaieleza. Mpiga picha alibonyeza kwa kushtuka. Picha ile ikawa jalada.

"Kuku?" nikamuuliza baadaye. "Wewe, dada, na kelele zako zote, unaogopa kuku?"

"Simwogopi. Simwelewi. Mzimu, unajua anataka roho yako. Kuku anataka nini?"

Tangu siku hiyo nikawa na kazi ya pili, ambayo haikuandikwa kwenye barua yangu ya ajira. Kila mwezi nilisimama nyuma ya mpiga picha na kuku kwapani, na akisema "Sasa!" nilimnyanyua. Wasomaji waliandika barua kwa magunia kuuliza Binti wa Taa ameona nini dirishani. Barua hizo alizijibu Mwalimu, mstaafu aliyetutungia hadithi, na kila mara alijibu kwa maneno manne: "Kuna mambo hayaandikiki kamwe." Kwa miaka mitatu watu wazima walilala taa zikiwaka kwa sababu ya kuku wa mlinzi.

Taa aliishi na mama yake katika vyumba viwili nyuma ya soko. Mama alikuwa mshonaji, na hakujua kusoma. Nakala mpya ikitoka nilimpelekea mwenyewe, naye aliiweka kwenye meza ya cherehani, akafunua picha moja baada ya nyingine kwa kidole chenye kofia ya chuma ya kushonea, bila kuuliza maneno yanasema nini. Alielewa hadithi kuliko Mwalimu. Lakini alikuwa na sharti, na alinieleza mbele ya binti yake ili kuwe na shahidi.

"Wamkimbize, sawa. Wamfunge kamba, wamtupe shimoni, kazi ni kazi. Ila asilale chali na macho yamefumbwa, mimi nimwangalie. Nimezika watoto watatu, baba. Huyu wa nne sitaki kumwona hivyo hata kwenye karatasi."

"Mama, si ni mchezo," Taa akasema.

"Niahidi."

"Nimekuahidi. Sifumbi."

Basi ikaja ile siku Bosi alipoleta mpwa wake. Msichana alikuwa na nywele nyingi na meno mazuri, na Bosi akatangaza kwamba wasomaji wamemchoka Binti wa Taa. Hawakuwa wamemchoka. Tayari jalada la rangi lilikuwa limeshachapwa, maelfu, na herufi nilizipanga mwenyewe pasipo kumwambia Taa: MWISHO WA BINTI WA TAA. Niliona haya, lakini nilizipanga.

Taa alipoliona alimfuata Bosi mezani kwake. Mlango ulikuwa wazi, na mtu wa mashine alizima mashine ili tusikie vizuri.

"Bosi, si niolewe tu? Nisafiri?"

"Nani anunue gazeti kuona mtu anasafiri? Utakufa. Tena kwa heshima, kwenye jeneza la mbao za mninga."

"Nimemwahidi mama yangu kwamba sitafumba macho."

"Na mama yako ni mhariri tangu lini?"

"Tangu anizae."

"Sikiliza. Ukitoka kwenye hadithi bila kufa, na kwenye meza ya kukunja utoke vilevile. Chagua."

Alirudi mezani akakunja karatasi mchana kutwa bila kusema neno. Kwa mtu aliyemzoea, kimya kile kilitisha kuliko mzimu.

Jeneza tuliazima kwa fundi seremala. Alituazima kwa masharti. "Msilikwaruze. Mwenyewe anakuja kesho asubuhi."

"Mwenyewe anakuja?" mtu wa mashine akauliza, na unga wote ukamkauka usoni.

"Ndugu zake, mpumbavu wewe."

Tuliliweka ghalani juu ya viti viwili. Taa akalala, taa kifuani, macho yamefumbwa vizuri kama ya mtoto aliyeshiba. Mpiga picha alipiga kumi na mbili, akaridhika, akaenda kwenye chumba chake cha giza. Baada ya saa moja alitoka na picha mbichi zinadondoka maji.

"Amefumbua," akasema. "Zote."

Kweli, zote. Marehemu kumi na wawili wanatukodolea macho, na wa mwisho anakaribia kucheka.

"Lakini nimemwangalia! Alikuwa amefumba!"

Mimi nilijua. Kamera ile ilikuwa na kioo ndani ambacho hunyanyuka wakati wa kupiga, na kwa nukta hiyo mpigaji haoni kitu. Na mpiga picha wetu alikuwa na tabia: kabla ya kubonyeza huvuta pumzi puani na kuishikilia. Kila mtu kiwandani aliijua isipokuwa yeye. Taa aliwahi kuniambia: "Yule kaka anavuta pumzi kama anataka kupiga mbizi." Miaka mitatu ya kusimama mbele yake ilimfundisha. Akisikia pumzi, anafumbua. Akisikia kamera imelia, anafumba.

Bosi alishuka mwenyewe ghalani, na hakushuka peke yake. Alikuwa na kuku.

Akaniambia, "Shika. Hapa, juu ya uso wake, shibiri mbili. Akifumba, haoni kitu. Akifumbua, shauri yake."

Nilimshika kuku. Ningependa kuandika kwamba nilikataa, maana siku hizi kila mzee anajiandika kuwa zamani alikuwa jasiri. Nilimshika. Taa, akiwa chali ndani ya jeneza, alinitazama mimi, hakumtazama kuku.

"Kaka. Na wewe?"

"Nina watoto, dada."

"Basi mbane miguu vizuri."

Akafumba macho. Kuku alinyoosha shingo, akamwangalia kwanza kwa jicho la kulia, halafu kwa la kushoto, kama mnunuzi asiyeamini mzani. Niliona kope za Taa zinatetemeka. Nikajisemea moyoni, fumba, dada, mama ataelewa. Fumba ubaki na kazi. Mpiga picha akavuta pumzi.

Akafumbua.

Hiyo ndiyo mara ya pili niliyosikia ile sauti. Alikaa wima kwa nguvu za mtu aliyefyatuliwa, paji la uso likampiga kuku, kuku akaniponyoka, kiti kimoja kikateleza, jeneza likaenda upande. Mtu wa mashine, ambaye hakutakiwa hata kuwemo kwenye picha, alikimbia mpaka kwa mlinzi na unga wake. Kuku naye akaingia chumba cha mashine, akakanyaga sahani ya wino, akatembea juu ya ukurasa wa nane uliokuwa umetoka kuchapwa, rundo baada ya rundo, polepole, kama mkaguzi. Bosi alimfukuza ameinama, na kila alipomkaribia, kuku alichagua rundo jipya.

Mkanda mpya ulipata picha ile moja tu. Mwanamke anainuka kutoka jenezani, mdomo wazi, macho wazi kuliko macho yanavyoweza kufunguka, na weupe wa manyoya umemzunguka kichwa kama moshi. Nimeona picha nyingi za watu wanaojifanya kuogopa. Ile haikuwa ya kujifanya.

Gari la kusambaza lilikuwa linaondoka saa kumi na mbili jioni, na jalada ndilo hilo la MWISHO. Mwalimu alisimama pembeni ya meza yangu akatunga kwa mdomo, nami nikapanga papo hapo, bila karatasi: Binti wa Taa amezikwa mzima, na ameamka. Mwisho ule, Mwalimu akaeleza kwenye mstari wa mwisho kabisa, ulikuwa mwisho wa adui zake. Kijana gani wa leo atapanga ukurasa mzima kwa kusikia, bila kosa hata moja? Haya.

Toleo lile lilikwisha kwa siku mbili. Nakala zenye nyayo za kuku zilizua barua nyingi kuliko kawaida, watu wakiuliza kama ile ni alama ya shetani. Mwalimu akawajibu kwa maneno yake manne. Bosi alimweleza kila aliyemsikiliza kwamba wazo la kumfufua lilikuwa lake tangu mwanzo, na Taa akabaki kwenye hadithi na kwenye meza ya kukunja. Mpwa alipewa nafasi ya jirani anayefungua mlango na kusema, "Usiende huko!"

Nilimpelekea mama nakala yake, isiyo na nyayo. Aliitazama ile picha muda mrefu, ameisogeza karibu na pua.

"Alilala humu?"

"Alilala, mama. Lakini hakufumba."

"Naona." Akaigusa kwa kidole chenye kofia ya chuma. "Ndivyo alivyokuwa akiamka siku za shule." Halafu kidole kikasogea mpaka pembeni ya picha, kwenye kitu ambacho maelfu ya wasomaji walikiita moshi wa kuzimu. "Na kuku huyu ni wa nani?"

Hayo yote yamekwisha. Zikaja kanda za video, likaja hili na lile, mashine ikauzwa kama chuma chakavu, na herufi zangu ziliyeyushwa. Mama alifariki akiwa na matoleo yote kwenye droo ya cherehani.

Taa nilimwona mara ya mwisho mwaka jana, kwenye benchi la kliniki ya macho, sote tukiwa na mtoto wa jicho. Tulikaa bega kwa bega. Mbele yetu msichana alikuwa anatazama filamu kwenye simu, na mwanamke ndani yake anapiga kelele ukumbini, nywele hazijavurugika hata unywele. Taa aliinama akachungulia kwa bidii, akarudi nyuma.

"Huyo," akaninong'oneza, "hajaonyeshwa kuku."

Muuguzi akapita akitutia dawa mmoja mmoja. "Bibi, sasa fumba macho yote mawili, utulie, mpaka nirudi."

"Sawa, mwanangu."

Muuguzi alipogeuka nilimtazama. Alikuwa amekaa wima, mikono magotini, machozi ya dawa yanamtiririka. Jicho la kushoto amelifumba kama alivyoagizwa. La kulia liko wazi, linanitazama. Wakaniita mimi, nikamwacha vile.