Jarife la Baba Kwenye Mchanga wa Bidiya

Mwezi uliopita nilikwenda Ibra, upande wa Maskati, kuifungua nyumba yetu ya zamani, maana fundi alitaka kuiona ghala kabla mvua haijaimaliza. Nyuma ya madebe ya samli na baiskeli isiyo na magurudumu nikakuta gunia. Sikuhitaji kulifungua kujua lina nini. Niliinama tu, na harufu ya papa ikanipanda puani kana kwamba nimefika soko la samaki la Sur. Wajukuu wa kaka yangu nao wakanusa, wakasema hawasikii kitu, kisha mmoja akauliza, "Bibi, hii shabaka ya mpira?" Watoto wa siku hizi Kiswahili chao ni cha kuombea maji, lakini swali lake lilikuwa la haki. Nani angedhani kwamba lile lilikuwa jarife, wavu wa kuvulia papa, na kwamba baba yangu alilinunua ili akalitege jangwani?

Kaa basi nikusimulie. Tulihamia Ibra kutoka Unguja katikati ya miaka ya sabini, mimi nikiwa mtoto wa kung'oka meno. Babu yetu alikuwa ameoa pande mbili za bahari: mke wa Ibra ndiye aliyemzaa ammi, na mke wa Unguja, ambaye ndiye Bibi yetu, akamzaa baba. Kwa hiyo ammi na baba walikuwa ndugu wa baba mmoja walioonana mara ya kwanza wakiwa watu wazima na ndevu zao. Ammi hakujua neno la Kiswahili. Baba naye Kiarabu chake kilikuwa cha chuoni na cha msikitini. Akiuliza bei ya vitunguu sokoni, watu walidhani anataka kuwapa mawaidha.

Ammi hakuwa mtu mbaya. Kosa lake ni kwamba alituheshimu mno. Tukienda kwake tunaketishwa majlisi ya wageni, tunaletewa halwa na kahawa, tunaulizwa afya na kuulizwa tena, halafu kimya. Ikitokea kazi ya shamba wanaitwa wanawe, sisi tunaambiwa tupumzike. Jambo hili lilimkera Bibi kuliko tusi.

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," alikuwa akisema. "Sisi huu mwaka wa tatu, jembe hata kulionja kwa macho hatujalionja. Mwanangu, yule ni ndugu yako au mwenye hoteli?"

Tulimjua baba. Lilikuwa likimuuma sana.

Kila majira ya baridi ammi na wanawe walikwenda kwenye mchanga wa Bidiya kuwinda sungura na paa. Walikuwa na bunduki mbili kuukuu na mbwa mmoja wa kiarabu, mwembamba, mwenye masikio marefu na uso wa huzuni, ambaye ammi alimpenda kiasi cha wanawe kumwonea wivu. Mwaka ule ammi akatualika, sote na watoto. Huenda ilikuwa adabu tu. Lakini baba akauchukua mwaliko ule kwa mikono miwili, na kwa Kiarabu chake cha mimbari akatangaza kwamba watu wa Unguja ni wawindaji tangu kale, na kwamba yeye mwenyewe amekulia kwenye uwindaji. Ammi akafurahi. Akasema basi safari hii watawinda kwa namna ya kwetu, waone.

Baba akarudi nyumbani kifua mbele. Bibi akamtazama.

"Wewe? Wewe ulikwenda na wasasi mara moja, ukarudi umejaa upupu, nikakupaka jivu mwili mzima."

"Mama, msasi haogopi miba."

"Miba haogopi. Upupu je?"

Sisi watoto, kaka yangu mkubwa, mimi na mdogo wetu wa kiume, tulicheka mpaka tukafukuzwa. Lakini mambo yenyewe tuliyaelewa vizuri. Baba akifaulu, tutakuwa watu wa nyumba. Akiharibu, tutabaki wageni mpaka kiama, tena wageni wa kuchekwa.

Kwetu Unguja wasasi hutega nyavu msituni, kisha kundi la watu huzunguka upande wa pili na kupiga kelele, mnyama akakurupuka na kukimbilia wavuni. Hiyo ndiyo namna baba aliyoiona ile siku ya upupu. Ibra hakukuwa na wavu wa namna hiyo, basi baba akapanda pikapu ya watu mpaka Sur, akarudi na jarife kubwa lililotumika miaka mingi. Alifika nalo alasiri, na paka wa mtaa mzima wakafika nyuma yake.

Usidhani natia chumvi. Paka walikaa juu ya ukuta wetu wamejipanga wanatungoja, na paka mmoja wa kijivu hakurudi tena kwao, tukamlea. Mama akasema wavu uoshwe au yeye arudi Unguja kwa miguu. Tukaubeba mpaka kwenye falaj, ule mfereji unaogawa maji mashambani, tukausugua kwa sabuni na ndimu. Muda si mrefu wakaja wazee wa chini ya mfereji wameshika ndevu, wanauliza ni nani anayevua papa Ibra, maana maji yao ya udhu yananuka bahari. Baba akaomba radhi kwa Kiarabu kizuri sana, ambacho hakuna aliyekielewa.

Ukaja wakati wa mazoezi. Baba alifunga jarife kati ya minazi, nisamehe, kati ya mitende. Mpaka leo ulimi wangu haujahama Unguja. Sisi tulipewa makopo ya maziwa ya unga na vijiti, tukaambiwa sisi ndio wapiga kelele. Paa wetu alikuwa mbuzi wa jirani. Tukitoka nyuma ya mitende kwa makelele, mbuzi anakurupuka, anaingia wavuni, na hapo baba anakuja na kisu chake mkononi, kwa heshima, akitembea kama imamu.

Jambo moja alilisisitiza kuliko yote. Mnyama asiposomewa bismillahi wakati wa kuchinjwa ni nyamafu, na katika pirika za mawindo mtu anaweza kusahau. Kwa hiyo kazi yetu, tukimwona yeye ana kisu na kuna kitu kinatapatapa wavuni, ni kupaza sauti sote pamoja, "Bismillahi, Allahu akbar!" Kazi ya kaka ilikuwa kumgeuza mnyama aelekee kibla. Tulifanya hivyo kila alasiri baada ya kutoka chuoni, mpaka ikawa maneno yanatutoka yenyewe. Siku ya kwanza jirani alisikia takbiri ya kuchinja, akaja mbio bila kilemba kumwokoa mbuzi wake. Siku za mwisho mbuzi alikuwa akija mwenyewe, anaingia wavuni, analala upande wa kibla, anangoja tende zake.

Ndani ya nyumba nako kulikuwa na matayarisho yake. Bibi alishaamua kwamba paa atapikwa kwa nazi na si vinginevyo, kwa hiyo zikatafutwa nazi za Salala, na mbuzi ya kukunia ikafungwa pamoja na masufuria. Mama alipika mikate ya kumimina, akakaanga maandazi ya kutosha harusi. Tuliaswa tusimguse mbwa wa ammi, na akitulamba tusirudi nyumbani. Baba alisema wanawake watabaki. Asubuhi ya safari tukamkuta Bibi keshakaa kiti cha mbele cha gari, na mkeka wake magotini, anauliza tunangoja nini.

Nilipouona mchanga wa Bidiya, vilima juu ya vilima, vyekundu mpaka upeo wa macho, nilimtazama baba, nikaona na yeye anautazama. Msitu wa Unguja una kichaka kila mahali. Hapa palikuwa na miti miwili ya ghafu, basi. Baba akalifunga jarife kati ya miti hiyo miwili. Ammi, mrefu, mkimya, akalizunguka akilishika hapa na pale, akavuta hewa kidogo, akakunja pua, kisha akauliza kwa adabu:

"Na paa akipita pembeni?"

Baba alifikiri. Upande wa kushoto jangwa lilikuwa tupu, na upande wa kulia vilevile.

"Hapiti," akasema.

Wanawe ammi wakageuka wakatazama vilima, mabega yanatikisika. Mimi nilimwomba Mungu alete paa mmoja tu, hata mzee, hata kipofu, aingie katika wavu ule.

Tukapelekwa nyuma ya kilima na makopo yetu. Baba akapunga mkono, tukashuka tukipiga kelele ambazo Bidiya haijapata kuzisikia. Paa hakuonekana. Nadhani paa wote walikwisha kuisikia harufu ya Sur tangu alfajiri, wakahama. Ila chini ya kichaka kimoja akaruka sungura, akatoka mshale kuelekea kwenye miti ya ghafu. Mbwa wa ammi akachomoka mkononi mwa bwana wake, akamfuata. Sungura akapita chini ya wavu bila kuinamisha kichwa. Mbwa akaingia mzima mzima.

Kelele za mbwa yule zilikuwa za mtoto. Ammi akasahau umri na heshima yake, akakimbia, akajitupa kumwokoa. Wavu ukakatika upande mmoja ukamwangukia. Akageuka huku, mguu ukanasa. Akageuka kule, jambia lake la kiunoni likashika matundu. Kila akijitahidi ndivyo alivyozidi kujifunga, mpaka akawa yuko chini, yeye na mbwa wake, kama mzigo wa kupelekwa Maskati. Baba akaja mbio. Hakuona njia ila kuukata wavu, basi akachomoa kisu.

Na sisi ndio tunafika, pumzi juu, makopo mkononi. Tukamwona baba ana kisu. Tukaona kitu kinatapatapa wavuni.

"Bismillahi, Allahu akbar!"

Rafiki yangu, hata mbwa alinyamaza. Ammi aliacha kutapatapa, akatutazama kupitia matundu ya wavu, kisha akakitazama kisu. Maneno mengine yote ya nyumba yetu yangempita, lakini hayo aliyajua tangu tumboni. Baba alisimama kisu juu. Kwa mbali nilimsikia Bibi akisema, "Yarabi, wanamchinja mtoto wa watu!" Na kaka yangu, Mungu amsamehe, mazoezi yalishamwingia damuni, alikuwa tayari ameinama kamshika ammi miguu.

Ammi akavuta pumzi. Akasema taratibu, kwa sauti ya mtu anayedai haki yake:

"Ya jamaa, wal-qibla?"

Hapakuhitajika mkalimani. Hata Bibi, ambaye Kiarabu chake kiliishia kwenye sala, alielewa kwamba ammi anauliza mbona hajaelekezwa kibla. Baba ndiye aliyeanguka wa kwanza. Alikaa mchangani, akacheka mpaka machozi, na ammi ndani ya jarife akacheka, na wanawe waliokuwa wakijizuia tangu asubuhi wakagaagaa chini. Nilikuwa sijapata kumwona ammi meno yake. Walichekeana wale ndugu wawili hivyo hivyo, mmoja wavuni na mwingine nje, na mbwa katikati.

Hatukupata nyama siku ile. Wanawe ammi walinunua mwana mbuzi kwa mabedui, Bibi akampika kwa nazi, na ammi akaomba aongezewe mchuzi. Alisema katika maisha yake amewinda sana, lakini kuwindwa ndiyo mara ya kwanza.

Asubuhi ya pili yake mlango wetu ukagongwa. Alikuwa mtoto mkubwa wa ammi, hakusalimia sana, hakukaa. Alisema falaj inasafishwa na leo ni zamu ya nyumba yetu, baba yake anasema njooni. Mkononi alikuwa na jembe. Baba alilipokea, akalitazama, akatoka nalo bila kunywa chai. Bibi alikaa barazani na tasbihi yake, na siku hiyo nzima hakuwa na la kulalamikia.

Sasa karibu yote hayo yamekwisha. Paa walikatazwa kuwindwa, na ni vyema, maana walikuwa wamebaki wachache. Kwenye vilima vile kuna kambi za watalii na magari makubwa yanayopanda na kushuka bila kazi. Maji ya falaj yamepungua. Bibi tulimzika Ibra, mbali na minazi yake. Jarife nimewaachia wale wajukuu, wamelifunga nyuma ya goli lao, na paka tayari wamejaa ukutani.

Ila kuna siku moja nyingine lazima nikwambie. Miaka ya themanini ikielekea mwisho, ammi aliugua, akachoka na hospitali, akaomba arudishwe nyumbani. Sote tulikuwepo chumbani. Alikuwa hasemi tena tangu jana yake. Baba alikaa karibu na kichwa chake, amemshika mkono. Mara ammi akafumbua macho, akamtafuta baba, na nikaona pembe ya mdomo wake inacheza.

"Ya khuyi," akasema, ndugu yangu. "Wal-qibla?"

Baba akasimama. Alishika kitanda upande wa kichwani, kaka yangu akashika upande wa miguu, wakamgeuza polepole. Sisi wengine tulisimama ukutani, watu wazima na watoto wetu, na hakuna aliyethubutu kufungua mdomo. Baba akamrekebishia mto, akasema, "Bismillahi," akaishia hapo.