Sista Polepole na Watoto wa Bustanini

Alizaliwa mtoto wa saba wa fundi cherehani, wiki mbili baada ya siku aliyotarajiwa. Mkunga akasema, "Huyu hana haraka na mtu." Kusoma nako hakukukimbilia: alijua akiwa na miaka kumi na mmoja, baada ya madarasa manne ya kukalishwa kwenye kona ya mafagio. Humo konani ndimo alimoitwa na Mungu. Akawa mtawa, kisha mkufunzi wa chuo cha ualimu, na wanachuo, ambao kwa majina ya utani hawamwogopi hata askofu, wakambatiza Sista Polepole.

Jaribu lake kubwa lilimfika mwaka wa kumi na tisa wa utawa, siku ya mtihani wa kufundisha. Shule ya mazoezi ya chuo ilikuwa na desturi: mkaguzi akija, wanaosoma vizuri hukaa mbele, wanaosuasua hupelekwa kupalilia bustani. Ndiyo maana bustani ile ilisifiwa katika kila ripoti. Sista akakuta huko watoto tisa: mmoja haoni vizuri, wawili nyumbani wanaongea lugha nyingine, waliobaki wamezoea tu jembe. Akawarudisha wote darasani, mstari wa mbele kabisa.

Mwanachuo wa zamu, kijana mwenye tai ya kuazima, akamkimbilia mlangoni. "Sista, nishafeli mara mbili! Leo nikianguka nafukuzwa!"

"Mwanangu, wale wengine wanajua tayari. Utafaulu kwa jasho la nani?"

Mkaguzi akaingia. Kijana, kwa kukosa la kufanya, akawauliza wale tisa habari za bustani, akaandika maneno yao ubaoni, na ya lugha za kwao pia. Asiyeona vizuri akasogezwa ubaoni hadi akarudi na chaki puani. Binti mmoja akatunga sentensi yake, akaisoma mwenyewe kwa dakika nne: "Nimechoka kupalilia."

Mkaguzi akavua miwani. "Nani anakupalilisha, mama?"

Mwalimu mkuu akakohoa kama trekta bovu. Kijana akafaulu, bustani ikaota magugu.

Sista aliaga dunia akiwa na miaka themanini na mmoja. Masista walimleta msomaji hodari wa parokia amsomee zaburi, naye Sista akamzuia kwa mkono. "Huyo anajua. Niitieni mlinzi wa geti." Mlinzi, aliyejifunza kusoma uzeeni, alitumia karibu saa nzima kwa mistari sita, masista wawili wakasinzia. Wanasimulia kwamba pumzi ya Sista ilikatika mara mbili, ikarudi, maana zaburi ilikuwa haijaisha. Ilipoisha, akasema, "Umesoma vizuri, baba," akaenda zake.

Basi, mwamini, hasa wewe unayejiandaa kushika chaki, mwige katika hili: mtoto akikwama kwenye neno, usimmalizie. Malaika wa mauti mwenyewe alisubiri. Wewe unawahi wapi?