Nusu Yangu Ilikuwa Ukutani

Siku ofisa wa serikali alipokuja kuona nusu yangu, nilikuwa na wiki nzima sijalala vizuri. Nilikuwa nimemgombeza kila mtu bomani, hadi mbuzi.

Mpango wenyewe ulitangazwa kwenye baraza la chifu, miaka ya tisini ikianza. Mwenye biashara ndogo na wazo jipya la kujaribu, serikali ingemwekea nusu ya gharama kama yeye ataweka nusu nyingine. Watu walicheka wakaanza kuinuka. Nani alikuwa na nusu? Lakini karani akaeleza kwamba nusu yako si lazima iwe pesa. Inaweza kuwa majaribio uliyokwisha kufanya kwa jasho lako, mradi ofisa aje ayaone kwa macho yake. Hapo nikachomoka nyuma ya kina mama, nikaomba fomu.

Majaribio nilikuwa nayo. Mimi na mama mkwe wangu tulikuwa tukikausha mbuta, samaki wakubwa wa ziwani, kwa moshi, ufuoni mwa ziwa upande wa Kombewa. Viwanda vilichukua samaki wakubwa, sisi tukachukua waliokataliwa. Tulikuwa na shimo la kuni, waya juu yake, na moshi wote unakuja usoni. Yeye alikuwa amesimama mbele ya moshi ule tangu mume wangu akiwa mtoto mchanga. Macho yake yalikuwa mekundu, yakitoa machozi asubuhi hadi jioni. Daktari alimwambia akae mbali na moto. Aliitikia vizuri sana, akamshukuru, akarudi nyumbani akapuliza kuni.

Nilimpenda yule mama, na alinikasirisha. Kumwambia apumzike ilikuwa kazi bure, kwa hiyo niliamua kuuondoa moshi wenyewe. Nilijenga tanuri la udongo na pipa, lenye bomba la kupeleka moshi juu ya paa. La kwanza liliunguza samaki. La pili bomba lilinyonya joto lote, samaki wakaoza. Yote mawili niliyavunja, nikatumia udongo na mabati yale yale kujenga la tatu, na hilo likakubali. Ila lilikuwa dogo, samaki kumi tu limejaa. Nusu ya serikali ingejenga kubwa, la kuchochewa kutoka nje, na mama mkwe asingevuta moshi tena. Hiyo ndiyo sababu nilikuwa silali.

Kumbukumbu zangu zote zilikuwa ukutani, ndani ya kibanda cha kukaushia, zimeandikwa kwa mkaa. Daftari nililijaribu, lakini kwa mikono yenye mafuta ya mbuta likawa kama karatasi ya kufungia mandazi. Ukutani nilichora mstari kwa kila mzigo wa kuni, duara kwa kila siku samaki aliyokaa bila kuharibika, na msalaba kwa samaki waliotupwa. Ilikuwa miezi minane ya kazi, kutoka mlangoni hadi kona ya nyuma.

Nilikwenda Kisumu kupeleka barua ya chifu. Ofisa akaniambia kesho yake atakuja, na kwamba naweza kupanda gari la ofisi tuje pamoja. Nikalala kwa dada yangu, mtaa wa Kaloleni. Kabla ya kuondoka nyumbani nilikuwa nimemwambia mama mkwe kwamba siku yoyote mgeni wa serikali atakuja kuona kibanda. Hilo tu. Sikumwambia anakuja kuona ukuta. Kosa hilo ni langu, na sitamtupia mtu.

Njiani sikufunga mdomo. Nilimweleza ofisa kila mstari na kila msalaba. Alikuwa mtu mpole, mgeni katika sehemu zetu, hajui Dholuo, lugha yetu, hata kidogo. Alisema katika kazi yake yote hajawahi kuona utafiti umeandikwa ukutani, na kwamba ana hamu ya kuuona. 

Tulipofika niliona boma limefagiliwa hadi barabarani. Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni mwa kibanda, amevaa gauni lake la kanisani, mikono yake ina udongo hadi kwenye viwiko. Nikajua kabla sijaingia.

Kwetu mgeni wa heshima haingizwi mbele ya ukuta uliochakaa. Alikuwa amechanganya udongo mwekundu na mavi ya ng'ombe, akausiriba ukuta wote, akaupiga na mistari ya vidole ya kupendeza kama inavyofanywa nyumba ya bibi harusi. Ulikuwa bado mbichi. Nilitafuta kutoka mlangoni hadi kona ya nyuma. Hakukuwa na alama hata moja.

Ofisa alizunguka kibanda polepole, akalitazama tanuri langu dogo, akafungua faili.

"Mama, nusu yako iko wapi?"

Nilimwambia nakumbuka kila alama, nipewe mkaa nichore upya mbele yake. Akatikisa kichwa. Tanuri moja mtu yeyote anaweza kulijenga, akasema, na fomu inataka kilichoonekana, si kinachokumbukwa. Kisha akauliza nani aliyefuta. Kama ni mimi mwenyewe, maombi yameishia hapo. Kama ni mtu mwingine, kuna karatasi ya maelezo. Mtu huyo ataitwa, atasomewa kwamba ameharibu ushahidi wa utafiti, ataweka kidole gumba, na mimi nitapewa miezi mitatu nifanye majaribio upya.

Miezi mitatu! Ningeweza kurudia yote kwa miwili. Nilimtazama mama mkwe. Alikuwa analeta chai kwa trei, anatabasamu kwa mgeni ambaye hamwelewi, na majirani wawili wamesimama uani wakiangalia. Mimi niliyekuwa na ulimi kwa kila mtu, nilikuwa na jibu mdomoni. Nilichotakiwa kufanya ni kunyoosha kidole. Nimwite mbele ya watu, asomewe kosa lake bomani mwake mwenyewe, bado ana udongo mikononi.

"Ni mimi," nikasema.

Ofisa alinitazama, akautazama udongo uliokuwa kwenye viwiko vya mama mkwe. Sidhani nilimdanganya. Akaandika mstari mmoja, akafunga faili, akanywa chai yake yote kwa heshima, akaondoka.

Nilijikaza hadi gari likapotea. Halafu nikalipuka. Nilimfuata mama mkwe ndani ya kibanda, alikokuwa amekwisha kuinama kuwasha kuni za mchana, nikasema kwa sauti ambayo mke wa mtu hampandishii mama wa mumewe. Nilimwuliza miezi minane alinitazama nikichora pale kila jioni, alifikiri nacheza? Kwa nini alifuta alama zangu?

 Akaweka kuni chini, akanyoosha mkono hadi ulipogusa ukuta.

"Alama gani, nyathina, mwanangu?"

Nilifikiri ananikejeli. Nikamwambia alama za mkaa, nyeusi, ukuta mzima, hata kipofu angeziona.

"Nilipapasa tu," akasema. "Nilisikia umepasukapasuka, nikasema mgeni asije akakuta hivyo." Akageuza uso kuelekea ninakosimama, lakini si hasa niliposimama. "Usimwambie mume wako. Atanikataza kuja kwenye moto."

Nilikaa chini pale pale kwenye majivu. Kisha nikaokota kuni alizokuwa ameweka chini, nikazipuliza mwenyewe, na yeye akakaa karibu yangu akigeuza samaki kwa vidole.